Kabati refu la chini kwa sebule ndogo: mbao tupu, bila nakshi wala vishikio

MkaziWaTabata

Wakuu, habari za leo. Naomba ushauri wa mafundi seremala na wa wenye uzoefu wa kuishi na samani za mbao zisizo na mapambo. Tumehamia nyumba ya kupanga huku Tabata, Dar es Salaam, yenye sebule ya futi 12 kwa 14, na mimi na mwenzangu tumekubaliana kwamba hatutaingiza ndani lile kabati la vioo linalokaribia dari, lenye taji la nakshi juu, nafasi ya televisheni katikati na vyombo vya wageni vinavyotazamwa mwaka mzima bila kuguswa. Kabati la namna hiyo humeza ukuta mzima, na katika chumba cha ukubwa huu mgeni hujiona kama ameketishwa stoo.

Tunachotaka ni kabati moja refu la chini, lenye urefu wa mita 2.1, kina cha sentimita 45 na kimo cha sentimita 45, miguu ya sentimita 15 ikiwa imehesabiwa ndani ya kimo hicho. Lisiwe na nakshi, lisiwe na vishikio vya chuma, na rangi ibaki ile ile ya mti. Juu yake itakaa televisheni ya inchi 55, na ndani tunakusudia kuhifadhi mafaili ya nyaraka za familia, vitabu na madaftari ya watoto, king'amuzi, ruta, shuka za wageni na vitu vidogo vidogo ambavyo kwa sasa vimezagaa juu ya meza.

Naomba kujua ni mti upi unaofaa zaidi kati ya mninga, mkongo, mtiki na paini, kama ni lazima kabati zima liwe la mbao au sehemu nyingine zinaweza kuwa za plaiwudi au MDF (zile mbao za nyuzi za mti zilizosagwa na kushindiliwa), na milango isiyo na vishikio ifunguliweje bila kuwa kero. Fundi niliyemfuata ametaja bei inayozidi ile ya kabati lenye nakshi, jambo ambalo limenishangaza kwa kuwa langu lina kazi ndogo zaidi kwa macho yangu. Niongeze kwamba huenda mwakani tukahamia Dodoma kikazi, na kabati litasafiri nasi.

FundiWaKeko

Ndugu mleta mada, nianze na bei, kwa sababu hapo ndipo wateja na mafundi wengi hapa Keko wanapokosana. Nakshi, taji na ukanda wa pembeni vina kazi ambayo mteja haioni: vinafunika maungio. Kona isiyokutana vizuri hupigiliwa kipande cha urembo juu yake, mlango uliopinda kidogo hufichwa na fremu nene, na ubao wenye kidonda hugeuziwa ndani. Kwenye kabati unalolitaka wewe, ubao mmoja unakutana na mwingine mbele ya macho ya watu, na mwanya kati ya mlango na mlango ukiwa milimita 2 upande wa juu na milimita 4 upande wa chini, mtu aliyeketi kwenye kochi ataona. Fundi atatumia muda mrefu zaidi kuchagua mbao, kupiga randa na kulinganisha, na atatupa vipande vingi zaidi. Kama aliyekutajia bei hiyo anajua anachokifanya, hajakuonea.

Kuhusu mti, mimi ningechagua mninga, na sababu si rangi yake peke yake. Mninga ukishakauka hutulia, kwa maana kwamba haujikunji wala haupanuki sana hali ya hewa inapobadilika, na kwa samani ya mistari iliyonyooka hiyo ni sifa kubwa kuliko uzuri. Mkongo nao ni imara na umetulia, ila ni mzito zaidi, na milango mipana ya mkongo huchosha bawaba. Mtiki wa kupandwa, kama ule wa mashamba ya serikali ya Longuza kule Muheza au Mtibwa mkoani Morogoro, unafaa sana pia, lakini una mafuta ya asili, hivyo maungio yake yanatakiwa kupanguswa kwa kiyeyushi na kupakwa gundi mara tu baada ya kupigwa randa, vinginevyo gundi haishiki vizuri. Paini ya Sao Hill ni nafuu na hupatikana kwa wingi, ila ni laini, ina vifundo, na mtoto akiangusha kikombe juu yake, alama inabaki. Ningeiweka ndani, kwenye migongo ya droo na vigawanyo visivyoonekana.

Ukinunua mninga, angalia pembeni mwa ubao. Kiini chake ni cha kahawia, kingine kikielekea wekundu, na pembeni kuna sehemu nyeupe iliyokuwa karibu na ganda. Sehemu hiyo nyeupe ndiyo chakula cha bungua, na baada ya muda utaona matundu madogo na unga mwembamba sakafuni. Wauzaji hupenda kuziacha mbao na weupe wake kwa sababu zinaonekana pana. Mwambie fundi weupe wote ukatwe, na ukubali kulipia ubao wa ziada utakaohitajika. Omba pia kuona hati za mbao kutoka Wakala wa Huduma za Misitu, maana mninga ni mti wa msitu wa asili unaovunwa kwa leseni, na mbao za magendo mara nyingi hukatwa na kuuzwa haraka zikiwa bado mbichi.

Ubichi ndio adui namba moja. Ubao husinyaa na kutanuka kwa upana wake, si kwa urefu wake, nao huendelea hivyo maisha yake yote kwa kufuata unyevu wa hewa. Bamba la juu la sentimita 45 linaweza kucheza milimita kadhaa kati ya kiangazi na masika. Kama fundi atalifunga kwa gundi na misumari kwenye mbavu za pembeni zenye nyuzi zinazokwenda upande mwingine, litapasuka au litazipinda mbavu. Njia sahihi ni kulifunga kwa skrubu zinazopita kwenye matundu marefu kidogo, ili ubao usogee huku skrubu ikiushikilia. Muulize fundi wako swali hilo moja, utajua uko kwa nani. Kupima ukavu bila kifaa, kata kipande kifupi katikati ya ubao, si mwishoni, ukipime kwenye mizani ya jikoni, ukiache ndani ya nyumba penye hewa kwa wiki moja, kisha ukipime tena. Kikipungua uzito kwa kiasi cha kuonekana, mbao hizo zirudishwe kwenye kivuli, zipangwe kwa vijiti katikati ili hewa ipite, na kazi isubiri.

Plaiwudi usiiogope. Mgongo wa kabati uwe wa plaiwudi ya milimita 6 iliyochomekwa kwenye mfuo, kwa sababu haitanuki kama ubao na ndiyo inayozuia kabati lisiyumbe kushoto na kulia. Rafu za ndani zinaweza kuwa za milimita 18, mbele yake pakiwekwa ukingo wa mninga. Kwa urefu wa mita 2.1, weka vigawanyo viwili vya wima ili kila nafasi iwe kama sentimita 70. Rafu ikiongezewa urefu mara mbili bila kuongezewa uzito, hushuka katikati mara nane zaidi, na hilo ndilo linaloyafanya makabati mengi marefu yaonekane yamechoka kabla ya wakati wake.

MamaWawili

Mtoa mada, fundi ameshasema ya mbao, nami naomba niseme ya matumizi, kwa sababu hapo kuna tatizo katika vipimo vyako. Kimo cha sentimita 45, ukitoa miguu 15, kinabaki 30. Ukitoa unene wa bamba la juu na la chini, ambao kwa pamoja ni kama sentimita 4, ndani unabaki na sentimita 26. Faili gumu la ofisini lina kimo cha karibu sentimita 32, na hata karatasi yenyewe ya A4 ina urefu wa sentimita 29.7. Maana yake ni kwamba mafaili yako yote yatalazwa, na faili lililolazwa chini ya mengine matatu halitolewi tena hadi siku ya kutafuta cheti cha kuzaliwa.

Ongeza kimo kifike sentimita 52 na upunguze miguu iwe 12. Ndani utapata 36, na mafaili yatasimama. Televisheni ya inchi 55 ina kimo cha takriban sentimita 71, hivyo katikati yake itakuwa kwenye sentimita 90 na kitu kutoka sakafuni, ambapo bado ni chini kidogo ya macho ya mtu aliyeketi, na shingo haitaumia. Miguu isipungue 12 kwa sababu dekio lazima lipite chini bila kugonga. Katika nyumba zetu sakafu hupigwa deki karibu kila siku, na kabati linalokaa moja kwa moja sakafuni hunyonya maji kwa chini hadi rangi inababuka na mbao zinaanza kunuka. Ncha za miguu zilizokatwa ndizo zinazonyonya zaidi, kwa hiyo zipakwe vanishi mara kadhaa kabla ya kupigiliwa vipira.

Kina cha sentimita 45 nacho kitafakari. Kwa shuka na king'amuzi kinafaa, lakini kwa vitabu vya watoto ni kirefu mno, vitapangwa safu mbili na ya nyuma itasahaulika. Sisi tuliweka droo kwenye nafasi moja kati ya tatu, na ndiyo inayofanya kazi kubwa kuliko nyingine zote: chaja, betri, mkasi, karata, risiti na dawa ya mbu vyote vina mahali pake, na meza imebaki meza. Kabla ya kuchora chochote, toeni kila kitu mnachokusudia kuweka humo, mkipange sakafuni katika mafungu matatu na mkipime. Vitu vikizidi, punguzeni vitu badala ya kurefusha kabati.

Kwa wenye watoto wadogo, hili la kabati la chini lina faida ya usalama pia. Mwaka 2016 kampuni ya samani ya IKEA ilitangaza kuyarudisha kutoka kwa wateja wa Marekani makabati ya droo yapatayo milioni 29 baada ya watoto kufa kwa kuangukiwa nayo, na mengi yalikuwa marefu, mepesi na hayakufungwa ukutani. Lenu la sentimita 52 haliwezi kupinduka kirahisi hivyo, ila televisheni yenyewe ifungeni ukutani kwa mkanda, kwa kuwa mtoto hupenda kuvuta.

KijanaWaMkunazini

Mimi niko Unguja, na kila ninaposoma mijadala ya sebule zisizo na vitu vingi hushangaa kuona inachukuliwa kuwa fasheni iliyokuja kwa ndege. Nyumba za mawe za Lamu za karne ya 18 zilikuwa na zidaka, yaani vishimo vilivyopangwa safu kwa safu ndani ya ukuta wenyewe na kupambwa kwa chokaa, ambamo mliwekwa vyombo vya kauri, vitabu na taa. Vyumba vilikuwa vyembamba, kwa sababu boriti za mikoko zilizobeba dari haziwezi kuvuka zaidi ya mita 3 hivi, na katika chumba cha upana huo kabati la kusimama sakafuni lingemziba mtu njia. Ukuta mnene wa mawe ya matumbawe ndio uliokuwa kabati. Ni kweli kwamba chokaa yenyewe ilikuwa na nakshi nyingi, na sitaki kudai kwamba wazee wetu walichukia mapambo, ila sakafu waliiacha wazi.

Ukuta wa tofali za inchi 6 hauchimbiki namna hiyo, na nyumba yenyewe ni ya kupanga. Hata hivyo, unaweza kufikiria kulitundika kabati badala ya kulisimamisha. Ubao mmoja hukatwa kwa mshazari wa nyuzi 45, nusu moja ikafungwa ukutani kwa skrubu na vibana vyake, nusu nyingine nyuma ya kabati, kisha kabati likapandishwa na kukaa juu ya ule mshazari. Dekio linapita bila kizuizi, na siku ya kuhama unalinyanyua tu na kuziba matundu machache. Mwenye nyumba aombwe ruhusa kwanza, kwa maandishi.

MkaziWaTabata

Nawashukuru nyote. Vipimo nimevibadilisha kama alivyoshauri MamaWawili: kimo 52, miguu 12, kina 42, na nafasi ya katikati itakuwa ya droo tatu. Wazo la kutundika ni zuri, lakini kwa kabati la mita 2.1 la mninga, likiwa limejaa vitabu, sina imani na ukuta wa mwenye nyumba, ambao hata msumari wa saa umeukataa mara mbili.

Yamebaki mawili. La kwanza ni milango. Fundi amependekeza vile vifaa vya kusukuma mlango kwa kidole ukafunguka wenyewe. La pili ni Dodoma: ndugu yangu aliyehamia huko anasema samani zake za Dar zimeanza kuachia, naye ananishauri nitengeneze kwa MDF ili niepuke habari za kutanuka na kusinyaa.

MhasibuDom

Nikiwa mkazi wa Dodoma, naomba nimuunge mkono ndugu yako kwa nusu ya kauli yake. Huku mvua hunyesha zaidi kati ya Desemba na Aprili, na miezi iliyobaki hewa ni kavu sana kulinganisha na Pwani. Samani iliyotengenezwa Dar kwa mbao zilizokaukia kwenye hewa ya Dar huendelea kupoteza unyevu ikifika hapa. Meza yetu ya chakula ilifungua mwanya katikati ambao shilingi inapita, na droo zilizokuwa zikikaza zikaanza kucheza. Kwa upande wa kukaza, huo ni unafuu.

Nusu ya pili siiungi mkono. MDF ni nyuzi za mti zilizosagwa na kushindiliwa kwa gundi, kwa hiyo ni kweli kwamba haina upande wa kutanuka zaidi ya mwingine, na kwa mlango mpana wa kupakwa rangi inafaa kuliko ubao. Lakini ninyi hamkuomba kabati la kupakwa rangi. Zaidi ya hapo, ni nzito, haishiki skrubu vizuri kwenye ukingo, na maji yakiifikia huvimba na hairudi tena ilivyokuwa. Samani ya MDF ikifunguliwa Dar, ikabebwa juu ya lori na kufungwa upya Dodoma, matundu ya skrubu huwa yamelegea. Kama kabati litasafiri, ni bora liwe la ubao uliokaushwa kwenye tanuri hadi chini ya kiwango cha hewa ya Dar, na lijengwe kwa sehemu tatu zinazofungana kwa bolti kwa ndani, badala ya sanduku moja la mita 2.1 ambalo halitapita hata kwenye kona ya ngazi.

FundiWaKeko

MhasibuDom amenisaidia. Mimi pia ningejenga masanduku matatu ya sentimita 70 yanayoshikana kwa bolti, na bamba moja la juu la mita 2.1 linaloyafunika yote, ili kwa mbele lionekane kabati moja. Bamba hilo lifungwe kwa zile skrubu za matundu marefu nilizozitaja, na likifika Dodoma litapungua upana kimya kimya bila kupasuka. Omba mbao zilizopita kwenye tanuri. Zipo mjini, bei yake iko juu, na hapo ndipo fedha ya ile nakshi iliyookolewa inapopaswa kwenda.

Kuhusu milango, vifaa vya kusukuma vinavutia dukani, lakini vina springi ndogo ya plastiki inayochukia vumbi, na nyumba yenye watoto itafunguka milango kila mtu anapoegemea kabati. Nakupa njia mbili zisizoharibika. Kwa droo na mlango wa mafaili, chonga ukingo wa juu wa ubao kwa mshazari kwa nyuma, ukiacha nafasi ya milimita 20 chini ya bamba, ili vidole viingie na kuvuta. Kwa mbele hakutaonekana kitu isipokuwa mstari mmoja wa kivuli kutoka mwanzo wa kabati hadi mwisho, nao ndio utakaokuwa pambo lako la pekee.

Kwa nafasi ya king'amuzi na ruta, weka mlango wa kuteleza uliotengenezwa kwa vipande vyembamba vya wima vya milimita 15, vikiachana kwa milimita 8. Mwanga wa rimoti utapita katikati, joto litatoka, na mtu aliye mbele hataona nyaya. Mlango huo hauhitaji reli ya chuma. Fundi achimbe mfuo wenye kina cha milimita 6 kwenye bamba la chini na wenye kina cha milimita 12 kwenye bamba la juu. Mlango unapandishwa kwanza kwenye mfuo wa juu hadi mwisho, unasogezwa ndani, kisha unashushwa kwenye wa chini. Kuutoa ni kinyume chake. Mfuo wa chini upakwe nta ya mshumaa, na nyuma ya nafasi hiyo patobolewe tundu la sentimita 6 la nyaya, karibu na chini ili hewa baridi iingilie hapo.

Umaliziaji usiwe wa vanishi ya kung'aa. Piga msasa namba 120, kisha 180, kisha pangusa kwa kitambaa chenye unyevu ili vinyweleo vya ubao visimame, acha ikauke, na malizia kwa 240. Baada ya hapo paka mafuta ya kitani yaliyochemshwa, mikono miwili au mitatu myembamba, kila mara ukifuta yanayobaki juu. Vitambaa vya kufutia usivikunje na kuvitupa kwenye kona ya karakana, kwa sababu mafuta hayo yanapokauka hutoa joto na vitambaa vinaweza kuwaka vyenyewe. Vitandaze nje au vilowekwe kwenye maji. Kikombe cha chai kikiacha duara juu ya bamba, piga msasa mahali hapo tu na urudishie mafuta, kitu ambacho huwezi kufanya kwenye vanishi bila kukwangua bamba zima.

Jambo la mwisho ni malipo. Andikeni vipimo vyote kwenye karatasi yenye mchoro, pamoja na aina ya mti, unene baada ya kupigwa randa na neno kwamba weupe hautakiwi, kwa sababu ubao wa inchi 1 ukishapigwa randa hubaki kama milimita 20 hadi 22 na watu hugombana kwa hilo. Toa ya kununulia mbao, uende ukaziangalie zikiwa bado hazijakatwa, kisha toa sehemu ya pili masanduku matatu yakishasimama bila milango. Iliyobaki itolewe nyumbani kwako, baada ya kabati kuwekwa mahali pake na kila droo kuvutwa hadi mwisho na kurudi bila kushikwa kwa mikono miwili.